Imefika wapi?

Ijumaa jioni, Kosta ya kutoka Mbeya ikishaiacha Vwawa, simu yangu inaita. Sina haja ya kutazama jina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Imefika wapi?"

Hajauliza kama nimekula, wala kama yale mafua yamepona. Anauliza mkia wa foleni ya malori umefika wapi, kwa sababu mimi niko dirishani na yeye yuko jikoni Tunduma, na macho yangu ndiyo yanayomwambia anunue kuni kiasi gani. Nikisema mkia uko Mpemba, kule kwenye mizani, anajaza mapipa yote mawili na kumwita binti wa jirani aje kusaidia. Nikisema uko mjini, hapa hapa karibu, anajibu "haya" kwa sauti ya mkulima aliyeambiwa mvua imekatika.

Mama yangu anauza maji ya moto kwa madereva wa malori. Ameifanya kazi hiyo tangu mimi niko darasa la tatu. Anachemsha kwenye pipa juu ya mafiga, anapima kwa ndoo, anakupa kopo, na nyuma ya nyumba kuna bafu mbili za mabati zenye mawe ya kukanyagia. Sabuni unakuja nayo au unanunua kipande. Anayetaka chai baadaye atapata, lakini chai ni nyongeza. Maji ndiyo biashara. Tunduma iko juu na ina baridi, na mwezi wa sita na wa saba upepo wa usiku unamfanya mtu mzima alie. Dereva aliyelala siku tatu kwenye kabini ya lori hataki mambo mengi, anataka ndoo ya maji yanayotoa moshi.

Nyumba yetu iko Sogea. Naam, mtaa unaitwa Sogea, na foleni inayopita jirani haisogei. Utani huo nimeusikia kwa utingo wa kila nchi na bado kila mmoja anadhani ameubuni yeye.

Kwa asiyepajua: Tunduma ni mwisho wa Tanzania kwenye barabara kuu inayotoka Dar es Salaam, mkoa wa Songwe. Ukipita geti uko Nakonde, jimbo la Muchinga, Zambia. Lori lililopakia bandarini limeshatembea zaidi ya kilomita 900 kufika kwetu, na bado Lusaka ni mbali karibu vile vile. Kama linakwenda Kongo, migodini, basi hapo ndipo safari inapoanza. Mizigo ya kupanda ni mafuta, ngano, mbolea, mitambo, na salfa inayotumika kuchakata madini, ile ya njano inayoacha unga kwenye turubai na kuwasha macho. Kunapita pia magari ya IT, yaani ya kupitishwa tu kwenda nje, yale madogo yaliyoshuka melini, yanayoendeshwa mbio na vijana wasiolala. Ya kushuka ni shaba. Mgeni akiona lori la shaba husema mbona linapita tupu, maana vibamba vimepangwa chini kabisa, havifiki hata magotini pa mtu aliyesimama juu ya tela. Shaba ni nzito. Tela linajaa uzito kabla halijajaa macho.

Kinachonichekesha ni kwamba si kila kitu kinapanga foleni. Bomba la TAZAMA, lile la Kigamboni hadi Ndola lililokamilika mwaka 1968, linapeleka mafuta Zambia chini ya ardhi, kilomita 1,710, na hakuna anayeliomba karatasi getini. Reli ya TAZARA nayo inavuka hapa hapa, ya tangu miaka ya sabini. Nilipokuwa mdogo nilidhani vitu vyote hivyo vimewekwa ili kutunyang'anya wateja. Mama hakunikatalia.

Halafu kuna suala la saa. Zambia wako nyuma yetu saa moja. Dereva akikwambia tukutane saa nne, lazima umuulize saa nne za kwetu au za kwao. Kuna watu wazima wanavaa saa mbili, moja kila mkono, na si kwa mapambo. Benki ya upande huu inafungua wakati ya upande ule watu wake bado wanapiga mswaki. Sisi vijana tulinufaika na hilo mara moja kwa mwaka: tunaupokea mwaka mpya Tunduma saa sita usiku, tunapiga kelele, kisha tunavuka kwenda kuungoja tena Nakonde. Ugali tuliouacha nyuma tunaukuta mbele unaitwa nshima, kitenge kinaitwa chitenge, na wengi tunasikilizana bila taabu, kwa sababu Wanyamwanga wako pande zote mbili. Mpaka uliwapita katikati wakiwa nyumbani kwao.

Mimi mwenyewe nimefanya kazi ya mpaka. Nilimaliza shule bila matokeo ya kujivunia, nikaingia kwa wakala mmoja wa forodha kukimbiza karatasi. Kazi yenyewe ni miguu. Unatoa nakala, unapeleka kugonga muhuri, unaambiwa muhuri mwingine kwanza, unavuka, unarudi. Enzi hizo lori lilikuwa linashughulikiwa mara mbili: linamalizana na watu wa Tunduma kutoka, kisha linakwenda kupanga foleni nyingine Nakonde kuingia. Nyaraka zile zile, maswali yale yale, saa tofauti.

Jambo la kwanza nililofundishwa ni kadi mbili za njano. Dereva anatakiwa kuwa na kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari kwa watakaogongwa ng'ambo. Anatakiwa pia kuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nayo ni ya njano. Ukimwambia dereva mgeni "lete kadi ya njano" atakupa ile isiyotakiwa, kila mara, kana kwamba amefundishwa. Nimeshuhudia dereva akimkabidhi ofisa wa afya bima ya lori, na ofisa akaisoma mpaka mwisho kwa utulivu kisha akauliza, "Sasa hili lori lilichanjwa lini?"

Sasa nije kwenye kosa langu, maana nimelizunguka miaka mingi.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 2 Julai 2010. Naikumbuka tarehe kwa sababu ya Kombe la Dunia, usiku ule Ghana walicheza na Uruguay. Mchana wake nilikuwa na haraka, kama kijana yeyote mwenye miaka 22 ambaye amepanga kutazama mpira. Nilinakili namba ya tela kwenye fomu, nikageuza tarakimu mbili za mwisho. Namba iliishia na 93, nikaandika 39. Basi. Wino mdogo kuliko punje ya mtama.

Lori likapita upande wetu bila neno. Nakonde, ofisa akashuka na karatasi yake, akasimama nyuma ya tela, akasoma, akasoma tena. Hakukasirika. Alinirudishia bahasha akaniambia tela hili halimo humu. Alikuwa na haki kabisa. Kwa macho ya sheria kulikuwa na tela moja lililokuwa linavuka bila karatasi, na karatasi moja iliyokuwa inavuka bila tela.

Marekebisho yalitakiwa yafanywe Dar es Salaam, na ilikuwa Ijumaa alasiri. Jumamosi na Jumapili zikapita. Jumatatu ya kwanza ya Julai, Zambia wanaadhimisha Siku ya Mashujaa, na Jumanne yake Siku ya Umoja, zote mapumziko kwao. Mwaka ule hizo ziliangukia tarehe 5 na 6. Tarehe 7, Jumatano, ni Saba Saba kwetu. Yaani nchi mbili zilipokezana sikukuu kama watu wanaopokezana mtoto, na kosa langu likawa limelala katikati. Alhamisi ndipo karatasi iliposahihishwa. Ijumaa ya tarehe 9 lori likavuka. Usiku saba.

Dereva alikuwa mzee wa Tanga, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na redio ndogo ya betri. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Usiku ule wa kwanza nilimkuta kwenye kibanda cha kutazamia mpira, na Gyan wa Ghana alipopiga ile penalti ikagonga mwamba, kibanda kizima kiliinuka na kuanguka kwa pamoja. Yeye alinigeukia akasema taratibu, "Waona, mjukuu wangu? Hata wakubwa hukosea." Nilitoka nje. Ghana walipotolewa kwa matuta mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi, nje, nasikia kelele tu.

Kila jioni alikuwa anakwenda kuoga kwa mama. Mama hakujua. Kwake alikuwa mteja mmoja kati ya wengi, mteja mzuri kwa kweli, anayerudisha kopo mahali pake. Usiku wa tatu wakazungumza, ikatoka kwamba amekwama kwa ajili ya namba ya tela, kwamba kijana aliyeiandika ni wa hapa hapa Sogea, mrefu, ana pengo. Pengo hilo ni langu. Mama akaweka kata chini.

Mzee akacheka. Alisema maneno ambayo mama huyarudia hadi leo kwenye misiba na harusi, akiigiza sauti yake: "Basi mambo yamekamilika, bibie. Mwanao kanifunga, wewe waniosha. Mie hapa nabakiwa na sanda tu."

Kuanzia hapo hakumtoza. Alimpa na chai, na usiku wa Saba Saba akampikia wali. Lakini malori mengine hayakuwa yamesimama kwa kosa langu, yalikuwa yamesimama kwa sikukuu, na foleni wiki ile ilifika mbali sana. Mama alichemsha maji tangu saa kumi alfajiri. Lori la mzee lilipovuka nilirudi nyumbani nikamkuta anahesabu hela kwenye kanga. Aliniambia, "Usirudie." Akaendelea kuhesabu. Baada ya muda, bila kuinua kichwa: "Siku saba, eh?"

Zile ndizo fedha zilizonilipia mwaka wa kwanza wa chuo, na kozi niliyosoma ni uhasibu, ambako ukigeuza tarakimu unaandikwa barua. Sikumwambia mtu chuoni nilivyopata ada.

Kwa hiyo watu wa semina wanapokuja na kusema foleni ni hasara kwa uchumi, mimi naitikia kwa kichwa, na najua wanasema kweli. Lori lililosimama linakula. Dereva aliyesimama posho yake inakatika njiani, nyumbani kwake ada inachelewa, mzigo wa mtu Lubumbashi unazeeka. Lakini nina mama. Amelala kwenye ncha ya pili ya hesabu hiyo hiyo, na mji mzima umelala naye: wauza chipsi, mafundi wa matairi, wenye vyumba, wabadilisha kwacha wenye mabunda mkononi, bodaboda wanaowapeleka madereva mjini na kuwarudisha kabla gari la mbele halijasogea.

Kwacha ndiyo pekee iliyowahi kumfanya mama auchukie mpaka. Madereva wa Zambia walikuwa wanamlipa kwa kwacha na yeye aliziweka kwenye kopo la maziwa, akingoja bei ipande. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia wakakata sufuri tatu. Elfu hamsini ikawa hamsini. Mtaani kwetu ilisemekana pesa zimeibiwa kwenye karatasi, na mama alikataa katakata kubadilisha, akisema atangoja wapate akili wazirudishe. Noti za zamani ziliacha kutumika madukani mwishoni mwa Juni mwaka huo. Alizipeleka Nakonde mwezi wa nane. Kopo lile lipo bado, na zile noti zimo. Watoto wa dada yangu wanazichezea duka.

Mwaka 2019, Oktoba, marais wa nchi mbili, Magufuli na Lungu, walikuja kuzindua kituo cha pamoja. Utaratibu wake nilimweleza mama mara tatu. Lori linalokwenda Zambia halisimami tena upande wetu kumaliza mambo. Linavuka moja kwa moja, na upande ule linawakuta maofisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Linalokuja Tanzania, hivyo hivyo, linasimamia kwetu. Unasimama mara moja tu, kwenye nchi unayoingia. Zambia walishakuwa na mfano wa namna hiyo na Zimbabwe pale Chirundu, tangu 2009, wa kwanza Afrika. Nilizungumza kwa furaha, maana nilikumbuka miguu yangu.

Mama alisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Hilo jengo lina bafu?"

Nilimwambia sijui. Akasema basi twende tukaone. Tulikwenda Jumapili moja, amevaa vitenge vyake vya kanisani, akatazama mapaa marefu na njia za malori zilizochorwa mistari, akamsalimia mlinzi, akarudi nyumbani akatulia. Alidhani mambo yameisha. Wiki zilizofuata foleni ilipungua kweli, na nilimwona akizima moto saa mbili usiku, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Haikuchukua muda mrefu. Mtandao ukikatika upande mmoja, hata maofisa wakae kiti kimoja, lori halitoki. Mizani ikiwa na msongamano, halitoki. Mvua, mgomo wa madereva, bei ya mafuta kubadilika mwisho wa mwezi na kila mwenye tenka akataka kuvuka siku moja. Na shaba imeongezeka, hilo mtu yeyote anayeishi kando ya ile barabara atakwambia bila takwimu, nyufa za ukuta zinatosha. Jengo ni la maana na sitaki lirudi la zamani. Ila foleni ni kama maji ya mama, ukiyaziba hapa yanachemkia pale.

Kuna foleni moja tu ambayo mama hakuitaka. Mei 2020, corona, Zambia walifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa. Malori yalisimama mpaka nikashindwa kuyahesabu, taa zimezimwa, na madereva walikaa ndani ya vioo. Mtaa ulimwomba mama asifungue bafu. Hakuna aliyemlazimisha, walikuja akina mama watatu wakakaa kwenye mkeka, wakazungumza habari za mahindi kwanza. Alikubali. Usiku ule, wa baridi, alichemsha maji kama kawaida. Nilimuuliza ya nini. Hakunijibu. Alikwenda akapanga ndoo sita kando ya lami, zimefunikwa na sinia, akarudi nyuma hatua nyingi na kusimama na tochi. Madereva walishuka mmoja mmoja, wakachukua. Asubuhi ndoo tano zilikuwa zimeoshwa na kupinduliwa. Ya sita iliibiwa, na hiyo ndiyo anayoizungumzia zaidi.

Nimemwambia mara nyingi aje Mbeya akae nami. Ana miaka sitini na kitu, moshi umemharibu macho, na hela ninazomtumia zinatosha chakula. Hujibu kwamba Mbeya hakuna kitu cha kutazama. Nilimnunulia hita ya umeme ya kuchovya kwenye ndoo. Aliijaribu siku mbili, akasema maji yake hayana ladha, utadhani yananywewa.

Ijumaa iliyopita nilichelewa kutoka kazini nikapata Kosta ya mwisho. Vwawa tulipita giza limeshaingia. Hatujafika Mpemba bado, nikaanza kuona taa nyekundu za nyuma, moja, mbili, kisha mstari. Dereva wetu akapunguza mwendo na kuanza kupita pembeni kwenye vumbi. Chini ya tela moja kulikuwa na jiko la mkaa na watu wawili wamejifunika blanketi moja, wanasonga ugali. Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Imefika wapi?"

"Imepita Mpemba. Huku nyuma kabisa. Mbele sioni mwisho."

Akakaa kimya, nikasikia mlango wa jiko ukilia na mfuniko wa pipa ukiwekwa chini.

"Basi ukishuka uniletee kiberiti," alisema. "Cha hapa kimelowa."